J Ni Nani?

Mlioshindwa kulala wiki nzima mkitaka kujua kama panga la Ngari lilishuka, jibu ni hili: lilishuka.

Lilishuka juu ya meza, likaipasua karatasi vipande viwili, likazama kwenye mbao likang'ang'ania humo. Vidole vya Wambeti viliponea chupuchupu.

"Nakuuliza mara ya mwisho," Ngari alisema, akihema kama mtu aliyepanda mlima. "J ni nani?"

"Sijui."

Na balaa lote lilikuwa hapo, kwa sababu Wambeti alikuwa anasema kweli.

Kwa wewe unayeungana nasi leo: Wambeti ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Embu. Anaishi mtaa wa Majimbo na mumewe Ngari, mnunuzi wa mbuzi. Mwaka huo wa 1999, ofisi moja ya kupiga chapa mjini ilikuwa imeingiza kompyuta ya kupokea na kutuma barua pepe. Barua yako ikifika, walikuchapishia, wakaikunja, wakaandika jina lako juu, ukapita kuichukua. Lakini barua hii ya Wambeti ilichukuliwa na Salesio, mdogo wake Ngari. Hakumpelekea mwenyewe. Alimpelekea kaka yake.

Ilikuwa fupi:

Majibu yametoka. Wewe huna shida yoyote J
Njoo Ijumaa ulale huku tuongee vizuri J
Usimwambie Ngari bado. Ataumia J

Jina la aliyeandika halikuwepo. Juu kabisa kulikuwa na anwani ya ofisi ya mradi mmoja wa maji, Meru. Basi.

"Ni ya Vero," Wambeti alisema kwa mara ya kumi. "Veronicah, tulisoma naye shule ya Kaaga, Meru. Ni karani kwa huo mradi. Unamjua, Ngari, alikuja hapa Desemba."

"Na Vero inaandikwa na J siku hizi?" Salesio aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, akitafuna njiti ya kiberiti. "Mimi ndio nina tenda ya mabomba kwa hiyo mradi. Wote nawajua. Kuna J mmoja tu kwa hiyo ofisi. Jediel. Saveya, mpima ardhi wao."

"Yule mrefu," Ngari alisema polepole. "Yule aliletwa na Vero hiyo Desemba akakula kuku yangu. Mkicheka na yeye hapa mezani."

"Tulikuwa tunacheka sisi wote! Hata wewe ulicheka!"

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Alionja damu.

"'Ataumia. J.' Mtu ananitisha mimi, kwa barua ya mke wangu, na anaweka sahihi!" Ngari alilivuta panga hadi meza ikainuka nalo. "Sema basi. Majibu gani hayo yametoka?"

Wambeti akanyamaza.

Jibu alikuwa nalo. Miaka sita walikuwa wamekaa bila mtoto. Miaka sita mama mkwe alikuwa akimwangalia tumbo kabla ya kumwangalia uso. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa Meru bila kumwambia mtu isipokuwa Vero. Na sasa majibu yalikuwa yametoka kwamba yeye hana shida yoyote. Ngari angehitaji kufikiri kidogo tu kujua shida iko kwa nani.

Kumwambia hilo mbele ya Salesio kungekuwa kumvua mume wake nguo sokoni. Hata akiwa na damu mdomoni, Wambeti alishindwa.

Lakini kunyamaza huko Ngari alikusoma kwa njia yake.

"Umeona?" Salesio alisema. "Hana la kusema. Ndugu yangu, twende. Jediel ako Muthara leo, kwa ile tangi mpya. Peke yake."

Wambeti akainua macho. Huyu anajuaje kwamba Jediel yuko peke yake?

"Ngari," alisema, "nisikize. Unataka kuua mtu kwa sababu ya herufi moja. Nipeleke Meru, kwa hiyo ofisi barua imetoka. Nikiwa nimekudanganya, kata mimi wa kwanza. Hapo hapo. Sitakimbia."

"Anachelewesha tu, amtonye huyo jamaa atoroke," Salesio alisema haraka. "Wacha twende Muthara moja kwa moja bila kusimama."

Ngari aliwatazama wote wawili. Panga likang'oka mezani.

"Tunapitia Meru," alisema. "Nataka kuona hiyo ofisi inaandikia mke wangu."

*

Walimweka katikati ndani ya pikapu, Ngari kwenye usukani, Salesio upande wa mlango. Panga lilikuwa chini ya miguu. Wakapita Runyenjes. Mvua za El Niño zilikuwa zimekula barabara ile vibaya, na kila shimo lilimrusha Wambeti begani kwa huyu, kisha kwa yule.

Kabla ya Chuka wakakuta polisi barabarani. Ngari akapunguza mwendo.

Hapo ndipo Wambeti alipohisi kitu chenye ncha chini ya mbavu zake. Salesio alikuwa amemwekea kisu, amekifunika kwa koti, uso wake umetulia kama wa mtu aliye kanisani.

"Fungua huo mdomo," alimnong'oneza, "nikufungue tumbo."

Polisi akainama dirishani. "Mama ana nini kwa mdomo?"

"Jino," Salesio akajibu. "Tunampeleka kung'olewa."

"Pole, mama."

"Asante," Wambeti alisema.

Wakaachiliwa. Ngari hakuwa ameona kisu. Alikuwa akitazama mbele tu, machozi ya hasira yakimtiririka bila yeye kuyafuta, na Wambeti akajua kitu ambacho hakukijua asubuhi. Mume wake alikuwa amepagawa. Lakini Salesio hakuwa na hasira hata kidogo. Salesio alikuwa kazini.

*

Veronicah alikuwa peke yake ofisini, anakunywa chai. Alipoona uso wa Wambeti, kikombe kilimtoka mkononi.

"Ngai! Wambe! Nani amekufanyia hivi?"

"J," Wambeti alisema. Mdomo ulikuwa umevimba hata maneno yakatoka vibaya. "Vero, niambie mbele yake. J ni nani?"

Ngari aliingia nyuma yake, panga limefichwa chini ya koti, mpini ukionekana. Akatupa vipande viwili vya karatasi juu ya meza. Salesio alibaki nje, karibu na dirisha, akivuta sigara.

Vero akaunganisha vipande. Akasoma.

"Woi," alisema. "Woi, shemeji. Hiyo si jina."

"Ni nini?"

"Ni mimi nikicheka."

Ngari akaweka panga mezani. "Usinichezee, mwanamke. Leo si siku ya kuchezewa."

"Kuja uone! Kuja hapa, shemeji, simama nyuma yangu uone na macho yako!" Vero akavuta vibonye vya kompyuta karibu. Akapiga nukta mbili, akapiga mabano.

Kwenye kioo cha kompyuta, palipokuwa na nukta na mabano, pakatokea kiuso kidogo cha duara. Macho mawili. Mdomo umepinda juu. Kilikuwa kinacheka.

Ngari akainama hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hii kompyuta yangu inachora huu uso," Vero alisema. "Lakini nikituma, hizo kompyuta zingine hazina hii michoro. Zinaona herufi tu. Uso ukifika Embu unakuwa J. Fundi wa kompyuta ndiye alituambia. Nilisema nitaacha, lakini kidole kimezoea."

"Mtu mzima anachora kicheko kwa barua ya nini?"

"Kwa sababu barua haina uso, shemeji! Mimi nikikuambia hapa 'ataumia', unaniangalia macho, unajua nakuonea huruma. Kwa karatasi huoni kitu. Hilo neno linabaki limekaa hapo baridi, kila mtu analisoma na roho yake. Nilitaka Wambe asiogope. Nilitaka ajue namshika mkono. Ndio nikaweka." Sasa alikuwa analia. "Yeye naye barua zake zinaandikwa na hiyo ofisi ya Embu kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anapiga nduru. Mara ya kwanza nilidhani amenikasirikia. Nikalia siku nzima, na yeye alikuwa ananisalimia!"

Ngari hakusikia sehemu hiyo. Alikuwa amerudi kwenye karatasi. Kidole chake kilifuata mstari wa kwanza, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Majibu ya nini?"

Wambeti alisema, "Vero, hapana."

Lakini Vero, kwa hofu ile, alishatoa. "Ya hospitali. Kwamba yeye hana shida ya kuzaa."

Nje lori lilipita likielekea sokoni.

"Kama yeye hana…" Ngari alianza, akashindwa kumaliza. Akaketi kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyekatwa miguu. "Hiyo ndiyo ulikuwa unanificha? Asubuhi yote hiyo? Nimekupiga, na ulikuwa unanificha hiyo?"

Wambeti alivuta ile karatasi mbali naye.

"Na ni nani," Vero aliuliza akijifuta machozi, "ni nani alikwambia J ni Jediel?"

"Salesio."

"Salesio?" Vero akasimama. "Haiwezekani. Salesio anajua! Mwezi jana alikuja hapa na barua nilimtumia ya mabomba, akaniuliza hilo swali hilo hilo, J ni nani. Fundi alikuwa hapa. Alitueleza sisi wote wawili. Salesio alicheka mpaka akashika ukuta!"

Wambeti na Ngari wakageuka dirishani kwa pamoja.

Hapakuwa na mtu. Sigara ilikuwa chini, bado inatoa moshi.

"Ngoja," Wambeti alisema. "Vero. Salesio alisema Jediel ako Muthara peke yake. Nani mwingine alijua?"

"Wewe! Si wewe uliandika leo asubuhi?"

"Mimi?"

Vero alibonyeza, akabonyeza tena, barua ikatokea kwenye kioo. Akaisoma kwa sauti: "'Vero mwambie Jediel anisubiri saa nane kwa tangi ya Muthara. Aje peke yake. Nina jambo la siri. Wambeti.' Nikajiambia, huyu leo amekuwa baridi namna gani? Hakuna 'aki Vero', hakuna 'hahaha'. Hata salamu hakuna. Na si zile herufi kubwa zako. Haikuwa sauti yako kabisa. Lakini ilikuwa na jina lako. Nikampigia Jediel kwa redio nikamwambia."

"Mimi sikuandika hiyo."

"Basi nani…"

Walisikia pikapu ikiwaka. Ngari alikimbia mlangoni. Alikuta vumbi tu. Ufunguo alikuwa ameuacha garini, na kwenye pikapu ile kulikuwa na panga la pili, la kukatia nyasi za mbuzi.

"Ni mabomba," Vero alisema nyuma yake. "Jediel amehesabu. Nusu ya mabomba Salesio alilipwa hayaonekani Muthara. Alikuwa aandike ripoti kesho kwenda Nairobi."

Sasa yote yalikuwa wazi. Salesio ndiye aliyeandika kwa jina la Wambeti; alitaka Jediel afe, na alitaka mkono wa kumuua uwe wa mtu mwingine. Mkono wa mume mwenye wivu. Polisi wangefika, wangekuta karatasi, wangekuta Ngari na panga, na hakuna ambaye angeuliza habari za mabomba. Na kwa kuwa mpango umeharibika akisikiliza pale dirishani, amekwenda kuumaliza mwenyewe.

Ngari alipiga magoti pale mlangoni. "Wambeti. Mama yangu. Nisamehe…"

"Simama." Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Mambo yako na mimi yatangoja. Kuna mtu anaenda kuuawa kwa jina langu. Simama!"

*

Redio ya Jediel haikujibu. Vero aliita, akaita, ikawa inakoroma tu.

Walipata Landrova ya mradi na dereva wake, Nthiga, mtu mnene asiye na maneno mengi. Alitafuta ufunguo kwenye mfuko huu, akautafuta kwenye ule. Akasema anataka kuangalia maji ya injini. Vero alimpigia kelele ndipo akapanda.

Barabara ya Muthara, upande wa Tigania, ilikuwa imejaa magari ya miraa yanayokimbilia ndege Nairobi, yanapita kama risasi. Ngari alikaa nyuma, kichwa kati ya magoti. Wambeti alikaa mbele, mkono umeshika mlango. Mara moja Ngari alisema, "Wambeti, hata kama…" na mkewe akasema, "Nyamaza," akanyamaza.

Walisikia Muthara kabla hawajaiona. Ile sauti, msomaji, aliyewahi kuisikia haisahau. Ni watu wengi wanaosema neno moja.

"Mwizi! Mwizi! Mwizi!"

Tangi jipya lilikuwa juu ya kilima kidogo, kando ya mashamba ya miraa. Chini yake watu walikuwa wamejaa, wengine na fimbo, wengine na mawe. Salesio alikuwa amesimama juu ya pikapu, anaonyesha kidole.

"Huyo ndio alikula mabomba yenu! Mnakunywa maji ya matope miaka yote, na yeye anajenga nyumba Meru! Huyo!"

Jediel alikuwa chini. Walikuwa wamemvua shati. Paji la uso lilikuwa limefunguka hata jicho moja halikuonekana kwa damu. Alijaribu kuinuka kwa mikono, fimbo ikamshukia mgongoni, akalala tena. Mtu mmoja alikuwa anabingirisha tairi kuukuu kutoka gereji. Mwingine alikuwa amebeba kibuyu cha plastiki, na harufu ya mafuta ya taa ilifika hadi kwenye gari.

Wambeti hakungoja gari lisimame.

Alijitupa. Akaanguka, akainuka, akapita kati ya miguu na fimbo, akalala juu ya Jediel kifudifudi. Jiwe lililorushwa kwa Jediel lilimpata begani. La pili likampata mgongoni. Aliuma meno.

"Toa huyo mwanamke!"

"Nichomeni!" Wambeti alipiga nduru, kwa Kimeru alichojifunza miaka yote ile ya Kaaga. "Nichomeni pamoja na yeye! Lakini kwanza mmoja wenu aje aniambie alimwona akibeba bomba! Mmoja tu! Ni nani alimwona? Ni wewe? Wewe mwenye mafuta, ulimwona?"

Mtu wa mafuta ya taa akasita. Akatazama nyuma. "Tumeambiwa…"

"Na nani?"

"Na huyo." Akaonyesha pikapu.

"Na huyo mnamjua?"

Watu wakatazamana. Kelele ikapungua kidogo, kama moto uliokosa kuni. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kwani huyo si ndiye alikuwa anakuja usiku na lori ya mabomba? Mimi nilidhani anayaleta. Kumbe ni kutoa."

Salesio alilisikia hilo. Akaruka kutoka kwenye pikapu na panga mkononi, akaja moja kwa moja kwa Wambeti. Watu wakampisha, kama kawaida watu hupisha panga.

Ngari ndiye hakumpisha.

"Nipe hiyo panga, Salesio."

"Toka hapo, ndugu yangu."

"Nipe."

"Utanifanya nini?" Salesio alicheka. "Nilisikia yote dirishani. Wewe si mwanaume. Mama amekuwa akimtukana msichana wa watu bure. Ni wewe umekauka!"

Panga likaja. Aliinua mkono kujikinga, likamkata kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo, nyama ikafunguka nyeupe kabla damu haijafika. Hakurudi nyuma. Kwa mkono ule mwingine alimshika mdogo wake shingoni, wakaanguka pamoja, wakabingirika kwenye kokoto. Salesio alimng'ata sikio. Ngari akampiga kichwa kwa kichwa, mara moja, mara ya pili, panga likatoka mkononi mwa Salesio, na Ngari akalishika.

Akakaa juu ya kifua cha mdogo wake, panga juu.

"Ngari!" Wambeti aliita.

Alimtazama mkewe. Alitazama lile panga. Akalitupa mbali, nyuma ya tangi, akaanza kulia kwa sauti.

Na hapo ndipo kosa lilipotendeka. Kwa sababu umati uliokuja kuua mwizi ulikuwa bado pale, na tairi lilikuwa pale, na mafuta yalikuwa pale. Ulikuwa umebadilisha tu jina la mwizi.

Jiwe la kwanza lilimpita Ngari juu ya kichwa, likamwangukia Salesio mdomoni. La pili, la tatu. Salesio alijaribu kutambaa chini ya pikapu, wakamvuta kwa miguu.

"Wachaneni na yeye!" Ngari alipiga kelele. "Ni ndugu yangu! Polisi watamshika! Wachaneni na yeye!"

Alijilaza juu ya Salesio, kama mkewe alivyofanya kwa Jediel. Lakini Wambeti alikuwa mwanamke asiyejulikana na mtu, na watu walikuwa wamesita kumpiga. Kwa Ngari hawakusita. Walimwondoa kama gunia. Fimbo zikapanda, zikashuka. Wambeti alifunga macho. Masikio hakuweza kuyafunga.

Askari wa kituo walipofika na kupiga risasi hewani, watu walitawanyika ndani ya miraa kama ndege. Kwenye kokoto alibaki Ngari, amemweka mdogo wake mapajani, anamfuta uso kwa shati lililojaa damu yake mwenyewe.

"Amka," alikuwa anasema. "Salesio. Amka, tuende nyumbani."

Salesio hakuamka.

*

"Huyu naye atakufa tukikaa hapa," Vero alisema, magoti yake yakiwa kwenye damu ya Jediel. "Wambe, shika miguu."

Walimwinua wao wawili na askari mmoja, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Landrova. Vero akapanda mbele. Wambeti akapiga magoti kwenye sakafu ya gari, akamkandamiza Jediel paji la uso kwa kanga yake.

Ngari aliinua kichwa. "Wambeti! Unaniacha?"

Alimwona vizuri wakati huo: mkono umefunguka, maiti mapajani, askari mmoja tayari anamwendea na pingu. Huyu ndiye mtu ambaye Wambeti alimficha siri ili asiaibike. Huyu ndiye mtu aliyempiga kwa sababu ya siri hiyo.

"Funga mkono," alimwambia. "Utaisha damu."

Akafunga mlango.

Nthiga aliondoa gari kwa kasi. Jediel alihema, pumzi zenye mapovu. Kisha midomo yake ikasogea. Wambeti akainama.

"Wambeti?"

"Ni mimi. Usiongee. Tunafika hospitali sasa hivi."

"Salesio… hakuwa na lori yake."

"Nini?"

"Mabomba ni marefu. Pikapu haibebi." Alikohoa, damu ikamchuruzika kidevuni. Akamshika mkono kwa nguvu ambazo Wambeti hakudhani bado anazo. "Ilikuwa lori ya mradi. Usiku. Nilikuwa nimeandika jina la dereva…"

Hakumaliza. Jicho lake moja lililobaki wazi lilikuwa linatazama mbele, juu ya bega la Wambeti, kwenye shingo nene ya mtu aliyeshika usukani.

Wambeti akainua kichwa taratibu.

Njia ya hospitali ilikuwa ya kupanda. Gari lilikuwa linashuka. Migomba ilikuwa imeisha, miraa imeisha, na dirishani kulikuwa na miiba na vumbi la nyika tu, hakuna nyumba, hakuna mtu.

"Nthiga," Vero alisema, bado hajajua lolote, "umepita kona ya hospitali."

Nthiga alinyoosha mkono, akazima redio ya kuitia ofisi.

Wambeti akapapasa sakafu chini ya kiti. Jeki. Kamba. Kisha vidole vyake vikakutana na spana ya magurudumu, ndefu na nzito, akaikamata mkononi. Akaanza kuinuka, inchi moja baada ya nyingine, nyuma ya ile shingo.

Alipotupa jicho kwenye kioo cha dereva, macho ya Nthiga yalikuwa yanamngoja.

Nthiga akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.